Mikondo miwili, mada moja: shajara ya kulinganisha mwalimu mbele na mbinu shirikishi, Hisabati darasa la tano

3 Februari 2025: Mpango

Ofisini kwetu ubishi huu ni wa siku nyingi. Wapo wanaosema mtoto hashiki kitu mpaka mwalimu asimame ubaoni, aeleze, atoe mfano, agawe zoezi na asahihishe. Wengine wanasema hayo ndiyo yaliyotuletea watoto wanaokariri wasichokielewa, na kwamba mwalimu awe mwezeshaji, kazi waifanye wanafunzi wenyewe. Mtaala wa sekondari ulihamia kwenye umahiri mwaka 2005, na tangu hapo mbinu shirikishi ni ajenda ya karibu kila semina. Ila pita kwenye varanda la madarasa saa nne asubuhi: utasikia sauti ya mwalimu mmoja, na watoto sabini wakikopi kimya.

Ukienda kwenye tafiti, kila upande una wa kumshika mkono. Marekani walikuwa na mpango wa serikali ulioitwa Follow Through, ulioanza 1968, wa kulinganisha njia mbalimbali za kufundisha watoto wa familia maskini. Njia iliyompa mwalimu usukani wote, hatua kwa hatua, ndiyo iliyotoka mbele kwenye stadi za msingi za kusoma na hesabu. Lakini mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, hisabati na uhandisi vyuoni, wakakuta wanafunzi waliofundishwa kwa mihadhara mitupu walikuwa na uwezekano wa kufeli mara moja na nusu ya wale walioshughulishwa darasani. Hao wa pili ni watu wazima wa chuo kikuu, waliokwisha kuchujwa. Watoto wetu wana miaka kumi na kumi na moja, wanakaa watatu kwenye dawati moja, wilayani Muheza, mkoa wa Tanga. Kwa hiyo mimi na mwenzangu tumeamua kuacha kubishana na kupima hapa hapa.

Tumepanga hivi. Darasa la tano lina mikondo miwili: A wanafunzi 68, B wanafunzi 71. Mada ya kwanza ni kujumlisha na kutoa sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti. Mkondo A utafundishwa mwalimu mbele: maelezo, mfano, zoezi, masahihisho. Mkondo B utafundishwa kwa vikundi na zana, watoto wajitafutie kanuni. Mada ya pili, mzingo na eneo, mikondo itabadilishana. Ninayefundisha kote ni mimi, ili tofauti isiwe ya mtu. Mwenzangu anakaa nyuma na karatasi, anahesabu nani kaulizwa, nani kajibu, nani kaandika. Kila mada ina majaribio matatu yanayofanana: kabla, mara baada ya mada, na jingine la kushtukiza baadaye. Kila jaribio lina maswali 20, mengi ya kukokotoa na machache ya kuchora au kueleza.

Tumechagua darasa la tano kwa sababu halina mtihani wa kitaifa. Darasa la nne na la saba hakuna anayethubutu kuwagusa. Mkuu wa shule ameruhusu kwa sharti moja, azimio la kazi, yaani mpangilio wa mada za muhula, lisichelewe, na ni sharti la haki.

Jaribio la kabla limeshafanyika. Kosa kubwa ni lile lile kwa mikondo yote: 1/2 + 1/4 wanaandika 2/6. Wanajumlisha juu na juu, chini na chini.

10 Februari: Mkondo A umekwenda, mkondo B umekwama

Kwa A hakuna la kusimulia sana. Nilieleza asili na kiasi, nikaonyesha namna ya kutafuta kigawe kidogo cha shirika (KDS), mifano mitatu ubaoni, zoezi la maswali matano. Kipindi cha dakika 40 kilitosha na madaftari yakakusanywa.

Kwa B tulitumia machungwa. Muheza machungwa si tatizo. Fuko zima lilinigharimu Sh 5,000. Vikundi vya watu wanane wanane, kila kikundi machungwa mawili na kisu kimoja anachoshika kiongozi. Swali lilikuwa: chukueni nusu ya chungwa na robo ya chungwa, pamoja ni kiasi gani cha chungwa zima? Kipindi kiliisha bila kikundi chochote kuandika jibu linalotetewa.

Kilichokwamisha ni vitu vitatu, na nitavieleza kwa sababu anayetaka kuiga atavikuta.

Kwanza, kuhamisha madawati. Madawati yetu ni ya mbao nzito, na kupanga vikundi vya wanane kulimeza karibu robo ya kipindi. Pili, kiongozi wa kikundi aligeuka mwalimu. Yeye ndiye aliyekata, aliyesema, aliyeandika. Mwenzangu alihesabu watoto waliogusa chungwa kabla halijaliwa, na ni wachache mno. Waliobaki walikuwa watazamaji kuliko hata wale wa mkondo A, ambao angalau waliandika. Tatu, chungwa lenyewe. Watoto walizungumzia "nusu kubwa" na "nusu ndogo", maana ndivyo wanavyogawana nyumbani, na chungwa lililokatwa kwa kisu butu liliwapa haki ya kusema hivyo. Zana iliyotakiwa kufundisha kwamba sehemu ni migawanyo iliyo sawa ilifundisha kinyume chake.

Kuna makala ya mwaka 2006 ya Kirschner, Sweller na Clark inayopinga kumwachia anayeanza kujitafutia kila kitu. Hoja yao ni kwamba akili ya mtu hushika mambo machache kwa wakati mmoja, na mgeni wa jambo akirundikiwa kutafuta, kupanga na kuelewa kwa pamoja, kuelewa ndiko kunakoachwa. Nilichokiona leo kimefanana sana na hoja hiyo. Watoto walishughulika na kisu, na zamu, na nani kala. Sehemu haikupata nafasi.

14 Februari: Kanda za karatasi

Tumebadilisha mambo mawili kwa mkondo B. Kikundi sasa ni dawati moja, watoto watatu, hakuna kuhama. Na chungwa limeondoka, imekuja karatasi.

Vipimo, kwa atakayetaka: karatasi ya A4 inakatwa kwa urefu kuwa kanda za upana wa sentimita 3, urefu sentimita 24. Karatasi moja inatoa kanda saba. Tumechagua 24 kwa sababu inagawika kwa 2, 3, 4, 6, 8 na 12 bila masalia: nusu ni sm 12, theluthi sm 8, robo sm 6, moja ya sita sm 4, thumuni sm 3. Mwanzoni tuliwaambia wakunje karatasi. Kukunja nusu na robo ni rahisi, kukunja theluthi kuliharibu kanda nyingi, kwa hiyo tukahamia kwenye rula na penseli. Ya tano haimo kwenye 24. Kwa hiyo tulikata kanda nyingine za sm 20, ambako nusu ni 10, robo ni 5 na moja ya tano ni 4. Kila mtoto ana kanda zake mwenyewe. Rimu moja ya karatasi ilikuwa Sh 12,000 na tumetumia sehemu ndogo tu.

Leo pia sikuanza na swali. Nilitumia dakika nane za mwanzo kueleza na kuonyesha: huu ni mzima, hii ni nusu, jina la namba ya chini ni asili, jina la namba ya juu ni kiasi. Vitu hivyo mtoto hawezi kuvigundua hata akae na karatasi mwaka mzima, maana ni makubaliano ya watu.

Kisha nikawapa 1/2 + 1/4, wakokotoe kwanza kwa namna yao, halafu wapime kwenye ukanda. Dawati la tatu kutoka dirishani, binti mmoja aliandika 2/6 kama wenzake wengi. Akapima sm 4, akapima 4 nyingine, akatia alama kwenye sm 8. Halafu akaweka nusu yake juu, sm 12. Akaigeuza karatasi, akapima upya. Akaniita: "Mwalimu, imepungua. Nimeongeza robo, imekuwa ndogo kuliko nusu niliyoanza nayo." Nikamuuliza, sasa nani muongo, karatasi au hesabu? Hakujibu mara moja. Aliweka sm 12, akaunganisha sm 6, akapata 18, akahesabu robo zilizomo kwenye 18. Jirani yake alikuwa anamtazama muda wote, na yeye ndiye aliyesema: "Ni robo tatu. Nusu ina robo mbili ndani yake."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo mada nzima. Kwa mkondo A nilikuwa nimeitamka mimi, vizuri na kwa sauti, siku nne kabla.

21 Februari: Kinachoonekana mkondo A

Mkondo A wanakimbia. Wamemaliza kujumlisha, wako kwenye kutoa, na masahihisho yanaridhisha. Ila mwenzangu ana karatasi yake. Kwa vipindi vyote alivyokaa nyuma, mikono inayonyooshwa ni ile ile, na mingi iko mistari miwili ya mbele na ile ya ubavuni mwa ubao. Nikiuliza "Tumeelewana?" darasa zima linaitika "Ndiyoo mwalimu!", na jibu hilo halinipi habari yoyote. Anayekosa namjua siku ya pili, daftari likishafika mezani.

Tulikaa na jambo hili mchana kutwa, na mwenzangu akaleta hoja ambayo nadhani ni muhimu kwa yeyote anayelinganisha njia hizi. Tunasema "ufundishaji wa jadi" kana kwamba babu zetu walifundishwa kwa mistari ya madawati. Watoto wetu wengi wanakwenda chuoni jioni, yaani madrasa. Kule kila mtoto ana somo lake. Mmoja yuko kwenye alifu, mwingine anasoma juzuu, na mwalimu anamwita mmoja mmoja mbele yake, anamsikiliza, anamrekebisha palepale, na harakishwi wala hacheleweshwi kwa ajili ya jirani. Ni kukariri, ndiyo, na mwalimu ana mamlaka yote. Lakini hakuna mtoto anayejificha. Darasa la kukaa kwa mistari na kufundishwa wote kitu kimoja kwa wakati mmoja lililetwa na shule za kikoloni. Shule ya serikali ya Wajerumani hapa Tanga, ya miaka ya 1890, ililengwa kutoa makarani na wakalimani.

Kwa hiyo tunalinganisha nini hasa? Tumekubaliana kuongeza kipimo kimoja kwenye karatasi ya mwenzangu: katika kila dakika kumi, watoto wangapi wamelazimika kutoa jibu lao wenyewe, liwe sahihi au kosa. Kwa mkondo A ni wachache. Kwa mkondo B wa machungwa walikuwa wachache zaidi. Kwa kanda za karatasi ni karibu darasa zima. Hiyo inanionyesha kwamba jina la mbinu halitoshi kutuambia kinachotokea vichwani mwa watoto.

5 Machi: Vibao

Ili mkondo A ubaki mwalimu mbele, lakini kila mtoto ajibu, tumetengeneza vibao vya mkononi. Mwalimu anauliza, kila mtoto anaandika kwa chaki kwenye kibao chake, nahesabu mpaka tatu, vinanyanyuliwa vyote. Kwa mtazamo mmoja unaona darasa.

Hadibodi moja ya futi 4 kwa 8 inatoa vibao 48 vya sm 20 kwa 30. Tulinunua mbili kwa Sh 40,000, na vibao vilivyozidi vimewekwa akiba. Fundi seremala alikata na kusugua kingo kwa Sh 15,000. Vitambaa vya kufutia ni mabaki ya fundi cherehani, bure.

Rangi ndiyo iliyotusumbua. Rangi nyeusi ya mafuta, ile ya milango, tulipewa nusu kopo bure, tukapaka vibao vyote. Ilikauka ikang'aa kama kioo, chaki ikawa inateleza, na chenye kuandikika hakikuonekana kwa mng'ao wa dirisha. Ilibidi visuguliwe vyote upya kwa msasa mpaka mng'ao uishe, kisha vipakwe rangi maalumu ya ubao, isiyong'aa, mikono miwili, na kuachwa vikauke vizuri kati ya mkono wa kwanza na wa pili. Rangi ya ubao lita mbili Sh 26,000, msasa Sh 4,000. Ukianza na rangi sahihi utaokoa msasa na wikiendi nzima. Walimu wa zamani walipaka ubao kwa unga wa betri. Kwa kibao kinachoshikwa na mtoto, na mtoto anayejilamba vidole, sishauri kabisa.

Ramadhani imeanza. Watoto wengi wa darasa la tano wanajaribu kufunga, na mfano wowote wa chakula cha kukata darasani tumeuondoa. Badala yake tumetumia vipimo: pishi moja ni vibaba vinne, kwa hiyo kibaba ni robo ya pishi. Nyumba nyingi zitapima pishi za zakatul-fitri kabla ya Idi, na mikondo yote miwili ilielewa robo ya pishi haraka kuliko robo ya mstatili wa ubaoni. Kopo la kupimia lilitoka jikoni kwa mwenzangu.

14 Machi: Jaribio la baada ya mada, na malalamiko

Mkondo A umeongoza. Kwenye maswali ya kukokotoa tofauti inaonekana wazi, karibu alama mbili za wastani. Kwenye kuchora na kueleza B wameongoza, lakini maswali hayo ni machache kwa hiyo jumla inabaki kwa A. Mtu angefunga shajara leo angesema mwalimu mbele kashinda.

Kuna jambo jingine ndani ya alama za B lililonihuzunisha. Wanafunzi wa chini kabisa wa B wamepata kidogo kuliko wanafunzi wa chini kabisa wa A. Wa juu wa B wamepaa. Mbinu shirikishi, kwa namna tulivyoiendesha, imewaacha nyuma wale ambao tunasema tunaifanya kwa ajili yao. Tulipopitia karatasi zao moja moja, karibu wote wana kitu kimoja: jedwali la kuzidisha hawalijui. Mtoto asiyejua sita mara nne hawezi kutafuta KDS, na ndani ya kikundi hakuna anayejua kwamba hajui, kwa sababu jirani anajibu kwa niaba yake. Kwa mkondo A angalau zoezi la kila siku linamwanika.

Malalamiko yametoka kwa B, watoto na wazazi. Mama mmoja alikuja na daftari la mwanawe mkononi. Tulisalimiana, nikamkaribisha kiti. "Mwalimu, mimi sikusoma sana, lakini daftari naijua. Mbona hili halina kitu? Huyu mtoto anasema shuleni wanakata karatasi." Nilimwita kijana aje aeleze kilichomo kwenye ukanda wake, akaeleza vizuri, na mama akasikiliza mpaka mwisho. Lakini hoja yake ni ya kweli. Mtoto akiumwa wiki moja, atajisomea nini? Kaka yake amsaidie kutoka wapi?

Watoto nao wanasema "leo hatujasoma". Hili lina utafiti wake. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard walichapisha jaribio la darasa la fizikia: wanafunzi walioshughulishwa walijifunza zaidi, lakini wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri. Mhadhara laini unampa mtu hisia ya kuelewa. Kujitafutia kunachosha, na uchovu unaonekana kama kushindwa. Kama wanafunzi wa Harvard wanadanganyika na hisia hiyo, mtoto wa darasa la tano na mama yake hawana kosa.

Marekebisho tangu leo: dakika tano za mwisho za kila kipindi cha B ni za muhtasari ubaoni, mistari michache na mfano mmoja, na kila mtoto anaandika daftarini kwa tarehe.

14 Aprili: Jaribio la kushtukiza

Tumerudi kutoka likizo fupi na Idi. Jaribio tumelitoa asubuhi bila kutangaza, kabla ya somo lolote.

A wameporomoka kwenye kukokotoa. Wengi wamerudi kwenye kosa la mwanzo, juu na juu, chini na chini. B wameshuka kidogo tu. Kwenye kukokotoa sasa mikondo iko sawa, na kwenye kuchora na kueleza B wako mbele zaidi ya ilivyokuwa Machi. Mwanafunzi mmoja wa B aliandika 2/6, akaikata, akachora ukanda pembeni, akaandika 3/4. Michoro ya pembeni kama hiyo imejaa kwenye karatasi za B. Kwa A haipo hata mmoja, na haikutarajiwa kuwapo, kwa sababu sikuwapa kitu cha kurudia wakisahau kanuni.

Wale wa chini, kwa mikondo yote miwili, bado wako chini. Hilo halijaguswa na mbinu yoyote kati ya hizi. Nimeanza dakika tano za jedwali kila kipindi, wawili wawili, mmoja anauliza na mwingine anajibu kwa kichwa, kisha wanabadilishana. Ni kukariri mchana kweupe na ninakutetea. Mwalimu Nyerere, alipotangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alilaumu elimu inayomwandaa mtoto kwa mtihani tu na kumtenga na jamii yake. Sidhani lawama ile inaligusa jedwali la kuzidisha. Muuza machungwa wa barabarani analo kichwani, na linamsaidia kila siku.

5 Mei: Kubadilishana, mzingo na eneo

Kwa mada hii hatukurudia njia zile katika hali yake ya mwanzo. Baada ya tuliyoyaona, kuwanyima A maelezo ya mwanzo, au kuwanyima B vibao, kungekuwa kuwatumia watoto ili jaribio lipendeze. Kwa hiyo A, ambao sasa ni shirikishi, wanapata dakika kumi za maelezo, kazi ya mikono, na muhtasari. B, ambao sasa ni mwalimu mbele, wanafundishwa ubaoni na vibao mkononi. Usafi wa ulinganisho umepungua, na anayesoma matokeo alijue hilo.

A walitoka nje kupima bustani ya shule na chumba cha darasa kwa kamba za katani zilizofungwa fundo kila mita. Katani Tanga ni ya kwetu, kamba zilikuwa Sh 6,000 kwa zote. Masika imekolea. Siku ya kwanza mvua ilitufukuza, kamba zikalowa. Kesho yake vikundi vilipima upande ule ule wa bustani na kupata majibu yanayopishana kwa zaidi ya nusu mita. Walianza kulaumiana, kila kikundi kikidai kingine hakikunyoosha kamba. Nikawaambia waweke kamba zote sambamba sakafuni. Mafundo hayakulingana. Kamba ya katani ikilowa nyuzi zake huvimba na kamba hufupika, na zile zilizokaa kwenye maji zaidi zilifupika zaidi. Mita yao haikuwa mita tena, ndiyo maana bustani "ilirefuka".

Tulipoteza kipindi kizima, na nisingekubali kukirudisha. Watoto waliuliza wenyewe kwa nini rula ni ya plastiki na si ya uzi. Hata hivyo kwa atakayeiga: tumia vijiti vya mianzi vilivyokatwa mita moja moja. Havilowi kwa namna ya kuharibu kipimo, na ni bure.

B walimaliza mada mapema kwa tofauti kubwa. Vibao vimefanya kazi nzuri kuliko nilivyotegemea. Nilichora mstatili wa 6 kwa 4, nikauliza eneo, na vibao vikanyanyuka: nusu ya darasa 24, nusu 20. Hao wa 20 walikuwa wanazunguka badala ya kujaza ndani. Nilisimamisha somo palepale, nikawaomba wa 20 na wa 24 walioketi dawati moja waelezane dakika mbili, kisha waandike upya. Wengi walihama. Mwalimu alikuwa mbele, somo lilikuwa la mwalimu, na bado watoto 71 walikuwa wamefikiri.

Mgeni aliyekuja kuangalia vipindi wiki hiyo aliuliza vikundi viko wapi. Fomu yake ina sehemu ya vikundi, haina sehemu ya vibao. Nilimwonyesha karatasi ya mwenzangu yenye hesabu ya majibu, akaisoma kwa makini, akaomba nakala.

30 Mei: Matokeo ya mada ya pili na gharama

Jaribio la baada: mikondo imekaribiana mno, na safari hii hata wanafunzi wa chini wa mkondo shirikishi hawakuachwa. Nadhani ni jedwali na maelezo ya mwanzo, ila siwezi kuvitenganisha kwa sababu viliingia pamoja. A wanatofautisha mzingo na eneo vizuri zaidi kwa maneno yao. B wanakokotoa haraka zaidi. Jaribio la kushtukiza la mada hii litafanyika Julai, shule ikifunguliwa.

Gharama zote: machungwa 5,000, karatasi 12,000, hadibodi 40,000, fundi 15,000, rangi 26,000, msasa 4,000, kamba 6,000. Jumla Sh 108,000. Mkuu wa shule alitoa 60,000 kutoka fungu la zana, zilizobaki tuligawana mimi na mwenzangu. Anayeiga sasa aache machungwa, msasa na kamba, atabaki na 93,000, na kwa darasa moja la watoto 48 au pungufu hadibodi ni moja tu.

Gharama isiyo ya fedha ni muda wa kuandaa. Kipindi cha shirikishi kilinichukua jioni nzima kukata na kupima. Cha ubaoni nilikiandaa wakati chai inachemka. Mwalimu mwenye vipindi vingi kwa wiki na mikondo mitatu hawezi kufanya hivyo kila siku, na asilaumiwe. Pendekezo letu kwa wenzetu wa shuleni ni kuchagua mada chache ambazo kosa lake linajirudia kila mwaka, kama sehemu, mzingo na eneo, na desimali, na kuziandalia zana za kudumu zinazokaa kwenye kabati. Zilizobaki zifundishwe ubaoni, kwa vibao.

Kazi ya Julai: mada ya desimali, mikondo yote kwa mpangilio mmoja, maelezo mafupi, kazi ya dawati, vibao, muhtasari. Tutakachopima sasa ni wale kumi na kitu wa chini. Kila mmoja atapangiwa mwenzake wa kumsikiliza jedwali kila asubuhi kabla ya mstarini, mmoja mmoja kama chuoni, na mwenzangu ameshaanza kuandika majina.